Mtu wa Mazoezi Anapataje Sonona?

Jumapili ile, sisi wa klabu ya mbio ya hapa Dar, hatukuwa tumefika hata Sabasaba na chenja, ule wimbo wa kuitikiana tunaokimbia nao, ilikuwa imeshatushinda. Kijana aliyejitolea kuongoza ana sauti nzuri, hilo halina ubishi, ila alianzia juu na akatuvuta mbio. Wa mbele wanamaliza kuitikia, wa nyuma ndiyo kwanza wanapokea. Tulipokaribia Uwanja wa Taifa kundi lilikuwa limekatika vipande, na akina mama watu wazima walikuwa wanatembea, mikono kiunoni.

Tukasimama kunyoosha viungo. Mama mweka hazina wetu akafungua kanga aliyojifunga juu ya trakisuti, akajifuta jasho usoni, akauliza kwa sauti ya kutosha wote tumsikie:

"Hivi jamani, mtu wa mazoezi kama yule, sonona anaipataje?"

Mmoja akasema amerogwa. Mwingine akasema madeni hayo, si bure. Kocha akapuliza filimbi, tukaendelea.

Swali likabaki kwangu wiki baada ya wiki.

"Yule" ni fundi wa makochi pale Keko, na kwa miaka ndiye aliyekuwa mpiga chenja wetu. Ameniruhusu niandike habari zake, ila jina nisiliweke. Kama umewahi kuamshwa Jumapili alfajiri na watu wenye fulana za rangi moja wanaopita Barabara ya Kilwa wakiimba, unajua mpiga chenja ni nani. Kocha anapanga njia, mwenyekiti anasema kwenye vikao, lakini anayeamua kundi liende vipi ni mwenye sauti. Wa kwetu alikuwa hachoki wala hakosi.

Kisha akaanza kukosa.

Taarifa ilikuja kwenye grupu la WhatsApp kupitia mke wake. Amepelekwa hospitali, daktari amesema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu.

## Imani niliyokuwa nayo

Mimi nilijiunga na klabu mwaka niliofiwa na mama. Nilikuwa silali. Dada jirani yangu alikuwa anaiona taa yangu inawaka usiku kucha, na alfajiri moja akanigongea dirisha, akasema vaa raba twende. Siku hiyo nilifika nusu ya njia nikarudi na bajaji. Jumapili iliyofuata akagonga tena.

Baada ya muda usingizi ukarudi. Huzuni ilikuwepo na ipo hadi leo, lakini aliyelala usiku mzima anaibeba tofauti na aliyekesha akitazama dari. Tangu hapo nimekuwa mhubiri wa mazoezi. Kazini, kwenye vikoba, kwa wadogo zangu, kila anayelalamika msongo wa mawazo namwambia aje Jumapili.

Ndiyo maana swali la mama mweka hazina lilinikaa kooni. Kama mazoezi yanalinda akili, yamewezaje kumwacha mtu aliyekuwa anatuongoza sisi wote?

## Kichwani kunatokea nini

Nilianza kusoma. Mtaani tumezoea kusema mazoezi yanatoa endofini, kemikali za mwilini zinazotuliza maumivu na kuleta raha, na zinatoka kweli, ila wanasayansi wameanza kuzipunguzia sifa. Mwaka 2021 watafiti wa Ujerumani waliwakimbiza watu 63 baada ya kuwapa dawa inayofunga milango ambayo endofini huingilia kufanya kazi. Raha ya kukimbia haikuondoka. Sasa macho yamegeukia kemikali nyingine ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, zenye undugu na zilizomo kwenye bangi, na ambazo hupenya kutoka kwenye damu kwenda ubongoni kwa urahisi zaidi.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2011, uliowachukua wazee 120. Nusu walitembea kwa mwaka mmoja, nusu walinyoosha viungo tu. Waliotembea walionekana kuongezeka kama asilimia 2 kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ambayo mara nyingi hukutwa imesinyaa kwa walioishi na sonona muda mrefu. Nilikaa na habari hiyo siku nzima. Kutembea tu, jamani.

Lakini ulionigusa kuliko yote ni wa wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 2009. Walipiga makasia kwenye mashine, mara kila mtu peke yake, mara pamoja kwa mpigo mmoja. Nguvu waliyotumia ilikuwa ileile. Walipopimwa baadaye uwezo wa kuvumilia maumivu, ulikuwa umepanda zaidi wanapopiga pamoja.

Nikawaza chenja.

Wataalamu wana kipimo chepesi cha kasi: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani. Ukishindwa hata kuongea, umepitiliza kwenda kwenye mazoezi makali. Chenja inakaa hapo katikati. Kiongozi anatoa mstari, sisi tunaitikia neno moja au mawili halafu tunapumua. Fundi wetu alikuwa anasikiliza. Nimekimbia karibu naye mara nyingi na nilimwona anavyogeuza sikio nyuma. Kiitikio kikianza kukatika kwa akina mama, anashusha mwendo bila kutangaza, na anabadilisha wimbo ili vijana wasigundue wamepunguziwa kasi. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo Septemba 2025, vijana wetu wanataka mbio za kweli, na siwalaumu. Ila kundi lililobeba watu wa miaka ishirini na watu wa miaka sitini linahitaji sikio kama lile.

## Moyo ukienda mbio

Tunaye mama lishe mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuwa akishtuka usiku, moyo unagonga, mikono inatetemeka. Alijua ni presha. Alipimwa, presha haikuwepo. Akaambiwa ni wasiwasi, akatoka hospitali na wasiwasi zaidi kwa sababu hakupewa kitu cha kushika mkononi.

Alipoanza kukimbia na sisi, kila moyo ulipopanda alisimama. Anaweka kiganja kifuani, anasubiri kufa. Dada aliyekuwa naye anasimama pia, anamwambia tuhesabu pumzi. Moyo unashuka, wanatembea, wanaanza tena.

Siku moja aliniambia, "Kumbe moyo unajua kurudi wenyewe."

Baadaye nikasoma kwamba wanasaikolojia wanafanya jambo hilo kwa makusudi. Mtu anayeogopa mapigo ya moyo wake mwenyewe anazoezwa kuyapandisha mahali salama, mpaka mwili uelewe kwamba mapigo si hatari. Mama lishe alijifunza hayo barabarani, Mtoni kwa Azizi Ally.

## Asilimia 12

Jibu la kwanza kwa mama mweka hazina nililipata kwenye utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2017. Watu 33,908 walifuatiliwa kwa miaka 11. Watafiti walikadiria kwamba kama kila mmoja wao angefanya mazoezi angalau saa moja kwa wiki, asilimia 12 ya waliokuja kupata sonona wasingeipata. Saa moja tu, na haikuwa lazima yawe makali. (Kwa wasiwasi hawakuona kinga ya namna hiyo, kwa hiyo habari ya mama lishe wetu ichukuliwe kama ya mama lishe wetu.)

Kwa upande mmoja, asilimia 12 ni kubwa mno kwa kitu kisicholipiwa. Sonona inawapata watu wengi kiasi kwamba kukinga mmoja katika kila wanane hivi ni familia nyingi zilizonusurika. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kuituma kwenye grupu palepale.

Kwa upande mwingine, wapo wale waliobaki. Michael Phelps ana medali 28 za Olimpiki, hakuna binadamu aliyewahi kufikisha hizo, na amesimulia waziwazi miaka yake ya sonona. Aliyeogelea kiasi kile aliugua. Fundi wa Keko ni nani asiugue?

Mama mweka hazina analala kwenye chandarua kila usiku na mwaka huu ameugua malaria. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, akacheka, akasema haya, hapo nimekuelewa.

Mimi sikuwa nimemaliza. Chandarua kinaeleza kwa nini inawezekana kuugua. Hakielezi kwa nini yeye, na kwa nini wakati ule.

## Kazi si mazoezi?

Mwenyekiti wetu alikuwa na hoja yake. Yule ni fundi, kutwa anakata mbao, anapiga randa, anavuta kitambaa, anapakia makochi kwenye guta. Mwili wake unafanya mazoezi siku zote za wiki, Jumapili ni nyongeza tu. Utaisikia hoja hiyo kila kona ya Dar. Kuli wa Kariakoo atakwambia mazoezi ni ya watu wa ofisini. Machinga anayetembea juani mpaka jioni atakwambia hivyohivyo.

Kwa moyo, mwendo wa kazini una historia. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Dunia ilianza kuyachukulia mazoezi kwa uzito kutokana na kazi kama hiyo.

Kwa akili, hesabu ni nyingine. Tafiti zilizokusanywa na kulinganishwa zinaonyesha kwamba nafuu ya akili inaambatana na mwendo ambao mtu ameuchagua, kwa muda wake mwenyewe. Mwendo wa kazini hauonyeshi nafuu hiyo. Ukimtazama konda wa daladala huhitaji kueleweshwa. Anaruka, anasimama, anakimbilia mlango, na kichwani ana hesabu ya tajiri ambayo jioni lazima itimie. Mwili umechoka na akili haijapumzika hata dakika moja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na watu wengi wa jiji hili wanazipita kabla ya Jumatano. Sijawahi kuona mtu akishuka na gunia mgongoni halafu aseme leo kichwa kimekuwa chepesi.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu alichowahi kuniambia fundi, miezi kabla hajaugua, nikakipita.

Alisema, "Dada, siku hizi Jumapili nayo imekuwa kazi."

Asipokuja kundi linakatika. Akija hana sauti, watu wanamuuliza vipi leo. Akichelewa kuna faini, na yeye kama kiongozi analipa mara mbili ili awe mfano. Kitu alichokuwa akikifanya kwa kupenda kilikuwa kimegeuka zamu.

Sisemi ndicho kilichomfanya augue. Kulikuwa na wateja waliochukua samani na hawakumaliza kulipa, kulikuwa na mtoto aliyekosa shule aliyoitaka, na kuna yale ambayo daktari wake anayajua na mimi siyajui. Nasema tu kwamba mwaka aliouhitaji zaidi ule mwendo wa Jumapili, tulikuwa tumeshauondoa mikononi mwake.

## Raba mlangoni

Tulikwenda kumwona, mimi na mama mweka hazina, baada ya kurudi kutoka hospitali. Mkewe alitupokea nje, akatuomba tusiseme na majirani. Mtaani kwetu ukitaja hospitali na akili kwa pamoja mtu anakutajia Mirembe, na watoto wanaenda shule na watoto wa hao majirani.

Alikuwa amekaa kwenye kochi ambalo hakulimalizia. Sponji iko wazi, kitambaa kimepigwa pini upande mmoja. Raba zake zilikuwa mlangoni, zimepangwa vizuri, zina vumbi.

Mama mweka hazina kwa upendo wake wote akasema, "Baba, jikaze. Njoo ukimbie, utapata nafuu. Si wewe uliyekuwa unatuambia?"

Alimjibu taratibu, kwa heshima. "Mama, najua yanasaidia. Raba ziko pale, naziona toka asubuhi. Kuinama nizifunge kamba tu, nguvu hiyo ndiyo sina."

Hakuna aliyepata la kusema kwa muda.

Sonona inaanza kwa kuchukua kilekile tunachomwambia mgonjwa akitumie. Inachukua hamu ya kuanza. Halafu sisi tunasimama mlangoni na kumwambia aanze. Niliporudi nyumbani nikakumbuka dirisha langu. Miaka yote nimekuwa nikisema mazoezi yaliniokoa, na sikuwahi kumtaja aliyegonga, wala kwamba aligonga tena baada ya mimi kurudi na bajaji.

Nikarudi kuzisoma upya zile tafiti, safari hii nikitafuta nani alimtoa nani nyumbani. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwachukua watu 156 wa miaka 50 na kuendelea waliokuwa na sonona. Wengine walipewa dawa ya sonona iitwayo sertralini, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Watu huikariri sehemu hiyo. Hawakariri kwamba wale wa mazoezi walikuwa na miadi mara tatu kwa wiki, kwenye kundi, na msimamizi anayejua nani amefika.

Watafiti haohao walirudia mwaka 2007 na watu 202. Safari hii waliongeza kundi la mazoezi ya nyumbani na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa. Waliopona baada ya wiki 16 walikuwa asilimia 45 kwa mazoezi ya kundi, 47 kwa dawa, 40 kwa mazoezi ya nyumbani, na 31 kwa kidonge kitupu. Kwa hiyo siwezi kusema kundi ndilo kila kitu. Wa nyumbani hawakuachwa mbali. Na ukiona asilimia 31 ya kidonge kitupu unaelewa kwamba hata kufuatiliwa tu, kuulizwa unaendeleaje na mtu anayesubiri jibu, kuna sehemu yake.

Fundi anameza dawa zake na haachi. Hilo nililisikia kutoka kwa mkewe na lilinifurahisha sana.

## "Nisindikize"

Aliyemtoa ndani ni mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandari. Kwenye klabu hakimbii, anatembea nyuma ya wote akiwa na fimbo na chupa ya maji. Hakuja na ushauri. Alifika jioni, jua limeshapoa, akabisha hodi, akasema:

"Kijana wangu, nisindikize dukani. Macho yangu siku hizi jioni hayaoni mashimo."

Mzee wa umri ule akikuomba umsindikize, unasimama. Fundi alisimama. Alivaa ndala, raba hakuzigusa. Wakaenda dukani, mzee akanunua kiberiti, wakarudi. Kesho yake mzee alikuja tena, safari hii sukari. Kisha vocha. Njia ikawa inarefuka kidogo kidogo, duka la karibu halina hiki, twende la mbele. Walikuwa wanafika mpaka Mtongani na kurudi, na siku nyingi, fundi aliniambia, hawakuongea chochote.

Nilimuuliza mzee kama daktari ndiye aliyemwagiza. Akanitazama kama niliyeuliza swali la ajabu. "Mimi nilitaka kwenda dukani," akasema.

Siku fundi alipovaa raba mwenyewe, bila kuambiwa, mkewe alituma ujumbe kwa mama mweka hazina saa hiyohiyo. Haikuwa mwisho wa ugonjwa. Zilifuata siku mbaya ambazo hata mzee alibisha hodi akaambiwa amelala. Mzee alikuwa anasema sawa, nitapita kesho, na anapita.

## Habari ya faini

Suala likaingia kwenye kikao. Mama mweka hazina, yeye anayekusanya faini zenyewe, ndiye aliyesimama kutaka faini ya kukosa ifutwe. Vijana wakapinga kwa sababu nzito: pesa hiyo ndiyo inanunua maji na kulipia gari la huduma siku za bonanza. Tulivutana mpaka magharibi. Mwishowe faini imebaki kwa wachelewaji. Aliyekosa Jumapili mbili mfululizo hatozwi kitu, anatembelewa na wawili wanaokaa jirani naye, na wanaokwenda wamekatazwa kusema "jikaze".

Tumeanzisha pia kundi la watembeaji linaloondoka dakika kumi kabla ya wakimbiaji. Yumo mzee wa bandari, yumo mama lishe siku ambazo hajisikii kukimbia, wamo akina mama waliokuwa wanaona aibu kuachwa nyuma, na yumo fundi, Jumapili anazoweza. Haongozi chenja. Anaitikia.

Ubishi uliopo sasa ni kwamba watembeaji nao wanataka chenja yao. Vijana wanasema chenja ni ya mbio, ukiimba huku unatembea watu watadhani ni maandamano. Mzee wa bandari amesema ataimbisha yeye kama hakuna mwingine. Hoja imewekwa kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, na mama mweka hazina ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta kura.